Kiganja Kinachofuta Wino

Nyumba ya Rembrandt iko Jodenbreestraat namba 4, Amsterdam, hatua chache kutoka soko la mitumba la Waterlooplein. Ni jengo refu la matofali lenye pembetatu ya mapambo kileleni, limesimama karibu na mfereji wa Oudeschans, pale maji yanapopita kwenye lango la zamani. Ng'ambo ya barabara kuna kijumba cha mlinzi wa lango hilo, cha mwaka 1695, ambacho kimeinama ubavu hadi mgeni huogopa kukiegemea. Siku hizi ni mkahawa, na watalii wengi hukipiga picha hicho kwanza kabla ya kugeuka kuitazama nyumba ya mchoraji.

Nilikuja kwa ajili ya chapa. Michoro mikubwa ya rangi ya Rembrandt iko Rijksmuseum, na foleni zake zinajulikana. Hapa Jodenbreestraat kuna hazina ya aina nyingine: karatasi ndogo ndogo, nyingi hazizidi ukubwa wa daftari la shule, zilizochapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba. Alitengeneza chapa za aina hiyo takriban 290 katika maisha yake, na makumbusho haya yanazo karibu zote. Enzi zake, watu wa Ufaransa na Italia ambao hawakuwahi kuona hata mchoro wake mmoja wa rangi walimjua kwa chapa hizi.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja wa Tanga aliyehamia Uholanzi akiwa kijana na kulea watoto wake huko. Aliniambia amepita mbele ya nyumba hii miaka na miaka akienda sokoni, na hakuwahi kuingia. "Leo utaniingiza wewe, mwanangu," akasema, tukanunua tiketi kwenye jengo jipya lililopakana na la zamani.

Rembrandt aliinunua nyumba hii Januari 1639 kwa gilda 13,000. Ili msomaji apate kipimo, mchoro wake mashuhuri kuliko yote, Zamu ya Usiku, uliokamilika mwaka 1642, ulimpatia gilda zipatazo 1,600. Deni la nyumba halikuisha. Mwaka 1642 huohuo mkewe Saskia alifariki humu ndani, akaacha mtoto mchanga. Mwaka 1656 mchoraji alifilisika, na makarani wakapita chumba hadi chumba wakiorodhesha kila walichokikuta: michoro, sanamu, silaha, vyungu, mashuka, vitu 363 kwa jumla. Miaka miwili baadaye nyumba ikauzwa. Orodha hiyo ya kufilisika ndiyo iliyowaongoza waliovipanga upya vyumba tunavyovitembelea leo. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1911.

Vyumba vya chini tulivipita upesi. Kuna jiko, kuna vitanda vilivyojengwa ndani ya makabati ambavyo mama alivitazama kwa mashaka akauliza watu walilalaje humo bila kukosa hewa. Kisha ngazi nyembamba za mzunguko, zenye kamba ya kushikilia, zinakupandisha hadi kwenye karakana kubwa yenye madirisha yanayotazama kaskazini, ambako mwanga hauchezi siku nzima. Yote hayo ni mazuri. Lakini mahali nilipotaka kufika ni pale penye mtambo.

Mtambo wa kuchapia shaba ni kitu rahisi kuelewa ukiuona. Rola mbili nzito, moja juu ya nyingine. Katikati yake ubao mpana unaoteleza. Ubavuni mikono mirefu iliyopangwa kwa umbo la msalaba, ambayo mtu huivuta kwa nguvu zake zote ili rola zizunguke. Mbele yake palikuwa na meza iliyotapakaa wino, na nyuma ya meza mwanamke wa makamo aliyevaa aproni, mchapaji wa kazi hiyo, aliyekuwa akiwaonyesha wageni hatua kwa hatua.

Alianza na bamba tupu la shaba nyekundu, unene wa karibu milimita moja, lililosuguliwa hadi likawa kioo. Kingo zake zilikuwa zimepigwa tupa zikateremka, kwa kuwa ukingo mkali hukata karatasi na kuharibu blanketi za mtambo. Bamba la pili lilikuwa limekwishapakwa tabaka jembamba la nta, lami na utomvu wa miti, kisha likafukizwa moshi wa mshumaa likawa jeusi tititi. Akachukua sindano iliyotiwa mpini wa mbao, akavuta mstari mmoja. Shaba ikang'aa ndani ya weusi. Sindano haichimbi chochote. Inaondoa nta tu, na ndiyo maana mkono unakwenda huru kama kalamu kwenye karatasi. Rembrandt aliupenda uhuru huo. Ukitazama kwa karibu anavyochora kichaka au ndevu za mzee, utaona mistari iliyokimbizwa, iliyorudiwa, iliyokatishwa njiani, mistari ya mtu anayewaza huku anachora.

Kinachochimba ni asidi. Bamba huzamishwa, na kila mahali sindano ilipopita asidi hula shaba, penye nta haigusi kitu. Ukiliacha dakika chache unapata mfereji mwembamba, utakaotoa mstari hafifu. Ukitaka sehemu fulani ibaki hafifu na nyingine iwe nzito, unalitoa bamba, unalisuuza, unaziba kwa vanishi ile mistari iliyotosha, unalirudisha. Mbingu ya mbali inatoka kwanza na kuzibwa. Mti wa karibu unaendelea kuliwa. Mchoraji wa rangi huongeza giza kwa brashi, huyu wa shaba huliongeza kwa saa.

Kisha ukafika wakati wa wino, na hapo nilisogea hadi tumbo langu likagusa meza. Wino huo ni mzito, wa masizi na mafuta ya kitani. Mchapaji aliupasha moto kidogo, akaukandamiza juu ya bamba lote hadi picha ikapotea kabisa chini ya weusi. Akachukua kitambaa chepesi cha nyuzi zilizoachana, kilichotiwa wanga, akaanza kufuta kwa mizunguko. Wino wa juu unaondoka, wa ndani ya mifereji unabaki. Mwishoni akaweka kitambaa pembeni. Akagusisha kiganja kwenye unga wa chaki, akakipangusa kwenye aproni, akakipitisha juu ya shaba, haraka, kwa ubavu wa mkono, tena na tena, akikifuta kila mara. Sauti yake ilikuwa kavu na fupi. Kila kiganja kilipopita, picha ilizidi kujitokeza: kwanza paa la nyumba, kisha daraja, kisha maji.

Karatasi ilikuwa imelowekwa na kukaushwa kidogo, ili iwe laini ya kuingia kwenye mifereji na kuunyonya wino. Akalaza bamba kwenye ubao, akalaza karatasi juu yake, akafunika kwa blanketi za sufu, akashika mikono ya mtambo. Alivuta kwa uzito wa mwili mzima, mguu mmoja ameutanguliza. Bamba likapita chini ya rola. Akafunua blanketi, akaishika karatasi kwa pembe mbili na kuibandua taratibu, na picha ikatoka imegeuka: kilichokuwa kulia kwenye shaba kiko kushoto kwenye karatasi.

Alituruhusu kugusa chapa moja ya zamani, iliyokauka. Kuzunguka picha kuna bonde, alama ya ukingo wa bamba uliozama kwenye karatasi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza anayoitafuta mnunuzi. Na juu ya mistari yenyewe wino umeinuka. Mama alipitisha kidole gumba mara mbili. "Hii naijua," akasema. "Hii ni noti mpya." Yuko sahihi kabisa. Shilingi tunazozishika Dar es Salaam na Nairobi, zile sehemu zinazokwaruza kidole ukizipapasa, zimechapwa kwa njia hiihii: mfereji kwenye chuma, wino ndani yake, karatasi ikakandamizwa kwa nguvu nyingi. Mwenye kughushi kwa mashine ya ofisini hupata rangi na sura, lakini hawezi kuuinua wino namna hiyo.

Ufundi huu ulizaliwa mikononi mwa masonara. Katika karne ya 15, kwenye miji ya Ujerumani, watu waliozoea kutia nakshi kwenye vikombe vya fedha walianza kujaza wino kwenye nakshi zao na kukandamiza karatasi juu yake. Chapa ya zamani kabisa ya namna hiyo yenye tarehe ni ya mwaka 1446. Chombo chao kilikuwa patasi nyembamba ya chuma iliyonolewa ncha ya pembe, inayosukumwa na kiganja na kung'oa uzi wa shaba mbele yake. Ili kupinda mstari, fundi hugeuza bamba, si mkono. Ni kazi ya miaka ya uanagenzi, na Albrecht Dürer, mtoto wa sonara wa Nuremberg, aliifikisha mahali ambapo wengi baada yake walikata tamaa.

Asidi ilitoka kwa mafundi wengine, wale waliopamba mavazi ya vita na panga. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyekuwa mmoja wao, alianza kuchapa picha kutoka kwenye mabamba ya chuma yaliyoliwa na asidi mnamo mwaka 1500. Dürer naye alijaribu kati ya 1515 na 1518, akaacha. Chuma hupata kutu na mistari yake ni ya kukwaruza. Baadaye mafundi wakahamia kwenye shaba, na mwaka 1645 Mfaransa Abraham Bosse akachapisha kitabu kizima cha kufundisha kazi hii, kuanzia mapishi ya nta hadi vipimo vya mtambo.

Pwani yetu nayo ilipita kwenye shaba mapema. Mwaka 1572, huko Köln, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya dunia, na ukurasa mmoja una picha nne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Aliyechonga hakuwahi kufika Kilwa. Alifanya kazi kwa vielelezo vya wasafiri, na hata hivyo kwa msomaji wa Ulaya huyo ndiye aliyemwonyesha kisiwa na meli zake. Tunayajua majina ya waliotoa kitabu. Ya wale waliofuta mabamba yake kwa viganja, ukurasa baada ya ukurasa, hatuyajui.

Hapa ndipo moyo wangu uliponasa siku ile, nikitazama chaki ikigeuka kijivu kwenye mkono wa mchapaji. Herufi za kitabu zimeinuka, wino hukaa juu. Picha ya shaba imezama, wino hukaa chini. Haviwezi kuchapwa kwenye mtambo mmoja. Kwa hiyo kitabu chenye picha za shaba kilipita mara mbili, na mara ya pili mara nyingi ilikuwa kwenye karakana nyingine, kwa mtu mwingine. Mchapishaji mkubwa wa Antwerp, Christophe Plantin, aliwapa kazi hiyo watu wa nje, na mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Mynken Liefrinck. Jina lake limebaki kwa sababu Plantin aliweka hesabu zake vizuri na hesabu hizo hazikuungua. Halimo kwenye picha. Mchongaji hutia sahihi kwenye shaba, mchapishaji hutia anwani yake, na aliyeamua ni wino kiasi gani ubaki haandiki kitu.

Uamuzi huo ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Mchapaji wetu alijaza bamba lilelile tena, akafuta tena, ila safari hii hakutumia kiganja kila mahali. Upande wa maji aliufuta hadi ukang'aa. Mbinguni aliacha utando mwembamba wa wino. Chapa ya pili ilipobanduliwa, mchana ulikuwa umegeuka magharibi. Hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa. Wageni waliguna. Mtoto wa Kijerumani alitaka aelezwe ipi ndiyo ya kweli, baba yake akabaki anazitazama zote mbili.

Rembrandt alilijua jambo hili na hakutaka kumwachia mtu mwingine, ndiyo maana aliweka mtambo nyumbani kwake. Nusu ya kazi yake aliifanya kwa kitambaa. Alibadilisha karatasi pia. Kuanzia takriban mwaka 1647 alitumia mara nyingi karatasi ya Japani, yenye rangi ya maziwa ya moto na isiyonyonya wino kwa pupa, iliyoletwa na meli za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, na wakati mwingine alichapa juu ya ngozi. Bamba moja, nyuso nyingi. Wakusanyaji wa wakati wake waligundua, wakaanza kuzinunua zote.

Kilele cha njia hiyo, kwa maoni yangu, ni Misalaba Mitatu ya mwaka 1653. Hapa aliweka asidi kando kabisa. Alikwaruza shaba yenyewe kwa sindano, na sindano inapokwaruza huacha pembeni ukingo mdogo wa shaba uliochanika, ambao unashika wino na kutoa mstari wenye ukungu laini. Ukingo huo hausimami muda mrefu. Nguvu ya mtambo huulaza, na baada ya chapa makumi machache ulaini wote umekwisha. Bamba lilipochoka, Rembrandt alilishika upya na kulibadilisha kwa ukali ambao hadi leo unashtua. Kila badiliko la bamba huitwa hali. Katika hali ya tatu, mwanga unashuka kama hema juu ya Kristo na watu waliomzunguka wanaonekana wazi. Katika hali ya nne mistari mizito imemwagwa kutoka juu hadi chini, mwizi mmoja amezama gizani, na mpanda farasi mwenye kofia ndefu, ambaye hakuwepo, amesimama katikati ya vurugu. Kwenye duka la makumbusho kuna kitabu kikubwa kinachoziweka hali hizo mbili zikitazamana. Nilikaa nacho hadi mama akanitafutia kiti. Bado naamini ya nne ni kubwa zaidi, ingawa najua wengi wanaipenda ya tatu.

Ghorofani kuna chumba alimohifadhi vitu vyake vya kukusanya: sanamu za vichwa vya Warumi, silaha, matumbawe, makombe. Kombe moja liliingia kwenye shaba mwaka 1650, gamba la konokono wa bahari za joto za Hindi na Pasifiki, jeusi lenye madoa meupe. Ndicho kitu pekee kisicho na uhai alichokichora kikiwa peke yake kwenye chapa. Hakulichora kwa kioo, alichora jinsi anavyoliona, na chapa ilipogeuka, mzunguko wa gamba ukaelekea upande ambao konokono yule hazunguki. Lakini sahihi yake aliichonga kinyumenyume, ikasomeka vizuri. Alijali jina lisomeke. Gamba aliliacha ligeuke.

Mtaa huu nao ulikuwa na watu ambao historia iliwasahau muda mrefu. Katikati ya karne ya 17, kando ya Jodenbreestraat iliishi jamii ndogo ya Waafrika huru, mabaharia, askari, wanawake waliopanga pamoja vyumba vya chini ya nyumba. Mwaka 2020 makumbusho haya yalifanya maonyesho juu yao na juu ya sura nyeusi katika sanaa ya wakati huo. Rembrandt aliwaona mlangoni kwake. Katika chapa ya 1641 alimchora yule towashi wa Kushi wa kitabu cha Matendo, amepiga magoti ukingoni mwa maji, Filipo akimbatiza. Mama, aliyekulia kanisani Tanga, aliitambua hadithi kabla sijamaliza kusema. Aliinama karibu, akasema kilichomgusa ni kwamba mtu yule anaonekana mtu, mwenye hadhi yake na msafara wake.

Baada ya kufa kwa mchoraji mwaka 1669, mabamba yaliendelea kuishi maisha yao. Yapatayo 80 bado yapo duniani. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kulibadilisha bamba la mwingine: alikuwa na shaba ya Hercules Segers yenye picha ya Tobia na malaika, akawafuta wote wawili na kuchora Mariamu na Yusufu wakikimbilia Misri. Ukitazama miti juu ya vichwa vyao utaona mabaki ya bawa la malaika. Lakini waliomfuata hawakuwa Rembrandt. Wafanyabiashara walichapa hadi mistari ikachakaa, wakaichimba upya, wakachapa tena. Bamba la ile chapa ya Kristo akiponya wagonjwa, iliyokuwa ghali hata ikaitwa ya Gilda Mia, lilinunuliwa karne moja baadaye na kapteni mzaliwa wa Ireland, William Baillie, aliyelichonga upya kwa mkono wake na mwishowe akalikata vipande vinne ili auze picha nne. Naandika jina lake bila huruma.

Ndiyo maana chapa inayouzwa leo kama kazi ya Rembrandt inaweza kuwa imetoka kwenye shaba yake halisi na bado isiwe na kitu alichokikusudia, kwa kuwa aliyeifuta aliishi miaka 100 au 200 baada yake. Kabla ya kutoka nilimuuliza mchapaji anatambuaje. Alisema kwanza hutazama karatasi, kisha vivuli: kama mistari iliyosongamana imeungana kuwa doa moja, mifereji imekwishalika. Halafu akaniomba niwapishe wageni wengine, akachovya kiganja kwenye chaki, akaanza bamba jingine.